Tulirudishwa na Nani

Binti yangu alinihoji Jumapili baada ya chakula cha mchana, akahesabu lawama zangu moja moja, akapata thelathini na nane. Idadi sikuikataa. Nilichokataa ni kuziita lawama. Mimi nilikuwa nasimulia.

Ngoja nianze vizuri, maana nimeshaambiwa nina tabia ya kuanzia katikati na kumtukana mtu ambaye msikilizaji bado hajamjua.

Mimi ni seremala wa chuo kikuu. Msidhani natengeneza meza za maprofesa. Natengeneza viti vya kumbi za mihadhara, vile vya kukunja, ambavyo ukisimama vinajikunja vyenyewe kwa kelele, na ukikaa vinakupokea vikipenda. Chuo kina viti zaidi ya elfu mbili vya namna hiyo, na seremala mmoja. Juu ya seremala huyo kuna msimamizi wa karakana, juu ya msimamizi kuna meneja wa majengo, juu ya meneja kuna mkurugenzi, na juu ya mkurugenzi sijui, labda ni Mungu, labda ni mkurugenzi mwingine. Wote hao wanasimamia bisibisi moja. Shule niliishia darasa la saba, lakini hesabu hiyo naiweza.

Meneja wa majengo sisi tunamwita Bwana Fomu. Ukitaka skrubu, jaza fomu. Ukitaka fomu, kuna fomu ya kuombea fomu. Siku moja nilimwuliza nikifa kazini nijaze ipi, akafungua droo akaanza kuitafuta.

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Tulijaliwa mtoto mmoja, huyu binti, na mwaka huu ameingia mwaka wa kwanza hapo hapo chuoni ninapotengeneza viti. Kitu cha kwanza alichorudi nacho nyumbani ni somo linaloitwa Utangulizi wa Saikolojia ya Jamii. Nilimwuliza kama ni ya jamii au ya jamaa, maana ninaowajua mimi wanaohitaji kupimwa akili ni jamaa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekula kwangu.

"Ni kuhusu watu wanavyofikiri wakiwa na wenzao, baba."

"Hilo nalo linataka chuo kikuu? Wanafikiri wataondoka saa ngapi."

Basi Jumapili hiyo akaja na zoezi. Umhoji mtu wa nyumbani kwako kuhusu jambo lililomharibikia, umwache aseme mpaka achoke, halafu uhesabu kila sababu anayoitaja: ameipachika wapi? Hilo ndilo neno lao, kupachika, na nililipenda, maana kupachika ndiyo kazi yangu. Alikuwa na karatasi yenye safu tatu: Mimi, Wengine, Hali.

"Hali ndiyo nini?"

"Mvua. Giza. Bahati mbaya. Vitu ambavyo havina mtu."

"Andika serikali hapo."

"Serikali ni watu, baba."

"Kama ni watu mbona nikienda hawapo?"

Aliiweka simu katikati ya meza ili inirekodi, akasema nichague jambo lolote, hata lile paa lililovuja. Aliyasema hayo akiitazama kalamu, hakunitazama mimi. Ningekuwa na akili ningechagua paa. Lakini mimi nina hadithi moja nzuri kuliko zote, na mtu akikuomba hadithi humpi ya paa. Nikachagua siku ya hospitali.

Hadithi hiyo nimeisimulia msibani, nikaisimulia karakana, nikaisimulia kwa kinyozi wangu, na alipohama nikaisimulia kwa aliyekuja baada yake. Nimeisimulia mpaka imenyooka kama ubao uliopigwa randa. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, mke wangu, mama wa watu, ameshika tumbo. Mlinzi akasema geti halijafunguliwa, na geti tunaliona liko wazi. Mtu wa kadi akachelewa. Alipokuja, mashine yake ikagoma. Ikakubali, faili halikuonekana. Daktari alikuwa semina. Daktari wa pili alikuwa ameenda kumfuata wa kwanza akabaki huko, nadhani kulikuwa na soda. Muuguzi mkuu wa zamu alikuwa anakunywa chai, na si chai ya kunywa, chai ya kupuliza. Tulikalia benchi la miguu mitatu, hilo nalisema kitaalamu, na ofisi ya mganga mkuu mlango wake ulikuwa na vitasa viwili vipya. Mtu wa hali ya hewa redioni alisema hakutakuwa na mvua, ikanyesha. Ikafika saa sita, tukarudishwa. Kesho yake akazidiwa. Keshokutwa asubuhi alinifia njiani, tukienda zahanati nyingine.

Hapo watu wote husema, "Hawa watu, hawa watu," na kutikisa kichwa. Kinyozi wa pili aliwahi kusimamisha mashine kabisa.

Binti yangu hakusema "hawa watu." Alikuwa bwenini wakati ule, kidato cha tatu. Alipoletwa nyumbani alikuta viti vimepangwa uani. Sasa alikuwa anachora vijistari kwenye karatasi, akavijumlisha.

"Wengine, thelathini na moja. Hali, saba."

"Safi."

"Mimi, sifuri."

"Mimi mbona nipo hadithi nzima."

"Upo, baba. Ila hufanyi kitu. Kila kitu unafanyiwa wewe."

Akaondoka kwenda kuanua nguo, akaiacha karatasi. Nikaivuta. Alikuwa ameandika baadhi ya maneno yangu kama nilivyoyasema, na neno moja alilipigia mstari wa penseli mara mbili. Tulirudishwa. Pembeni yake, kwa herufi zake ndogo kama punje za mtama: Na nani?

Aliporudi na beseni la nguo nikamwuliza hilo ni swali gani.

"Swali tu."

"Tulirudishwa na hospitali."

"Hospitali ni jengo. Nani alifungua mdomo akasema rudini nyumbani? Mlinzi? Daktari hakuwepo, umesema mwenyewe."

"Wewe unasoma saikolojia au upelelezi?"

"Alikuwa yule muuguzi?"

"Walisema."

"Walisema nini?"

"Lifute hilo swali, mama." Huwa namwita mama nikiwa nabembeleza, na nikiwa nimekasirika, na siku hiyo sijui ilikuwa ipi.

Akalikunja shuka kwanza, pembe kwa pembe. "Zoezi naweza kumhoji mtu mwingine, lina siku tano mbele. Swali silifuti. Hili si la chuo."

"La nani?"

"Langu. Mimi sikuwepo."

Nitawaambia ninyi kabla sijamwambia yeye, maana ninyi hatukai nyumba moja. Hakuna aliyeturudisha. Nilimtoa mke wangu kwenye benchi mwenyewe, kwa mkono huu, kwa sababu nilikuwa nagombana na watu na nilitaka kushinda. Nikiondoa "-shwa" kwenye lile neno, hadithi yote inaniangukia miguuni. Na binti huyo ndiye mtu pekee niliyebaki naye. Mwenye watoto sita anaweza kukasirikiwa na mmoja, akaenda kula kwa mwingine. Mimi sina wa akiba.

Kwa hiyo Jumapili nikanyamaza, Jumatatu nikanyamaza, Jumanne nikamletea parachichi kubwa, akasema asante baba, akalila, na lile swali likabaki mezani chini ya kopo la sukari likinitazama.

Jumatano nilikuwa na kazi Ukumbi wa Pili, safu ya kumi na moja, viti sita. Kazi kama hiyo hufanywa ukumbi ukiwa mtupu. Lakini fomu ya Bwana Fomu ilisema saa nne hadi saa sita, na saa nne hadi saa sita ndiyo wakati wa Saikolojia ya Jamii. Nilimwonyesha, akasema ratiba imeshapitishwa. Imepitishwa na nani, sikuuliza. Swali hilo lilikuwa limenichosha nyumbani.

Mhadhiri wao ni mwanamke mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Wanamwita Daktari, ingawa ukikatwa na msumeno mbele yake atakuuliza unajisikiaje. Aliponiona na kisanduku changu cha vifaa hakunifukuza.

"Fundi, endelea tu. Ila usigonge nikiwa nasema jambo la maana."

Nikagonga dakika ishirini nzima bila kukatazwa.

Binti yangu alikuwa safu ya nne, kichwa kwenye daftari. Aliniona nilipoingia, akanipungia kidole kimoja chini ya meza. Hanionei aibu, hilo nimshukuru Mungu. Tatizo letu lilikuwa lingine.

"Mwenzenu akichelewa darasani," Daktari akasema, "ni kwa nini?"

"Mvivu."

"Hajipangi."

"Amelala kwa mpenzi wake, Daktari, tunamjua."

"Na wewe uliyesema mvivu, wiki iliyopita uliingia saa nne na nusu. Kwa nini?"

"Maji yalikatika bwenini."

"Na wewe?"

"Lifti, Daktari."

"Bweni lenu lina lifti?"

"Halina. Ndiyo maana nilichelewa."

Ukumbi ukawa unacheka, na hapo ndipo kiti kilipoachia. Safu ya saba, katikati. Kuna kijana mmoja mpana wanamwita Kontena. Alikuwepo, mara hayupo. Ulibaki mguu mmoja juu, na kiatu chake.

"Kiti kibovu hiki," Kontena akasema kutoka chini.

"Punguza mwili," akasema jirani yake.

"Wewe ulikikalia juzi hukuanguka kwa sababu huna mwili. Una hanga la nguo."

Daktari alifurahi mpaka nikashuku kwamba wamepanga. Akapiga makofi wanyamaze. "Tuna mtaalamu humu ndani. Fundi, hili ni kosa la nani?"

Vichwa mia tatu vikageuka. Kimoja, cha safu ya nne, hakikugeuka.

"Daktari," nikasema, "ukianguka wewe, kosa la kiti. Akianguka mwenzako, kosa la makalio."

Walicheka mpaka wengine wakapiga meza, na meza zile pia ni kazi yangu. Daktari alichukua chaki akaiandika sentensi hiyo ubaoni yote, makalio yakiwemo, kwa herufi kubwa. Akasema mwandishi wa kitabu chao amelieleza hilo kwa kurasa thelathini, na fundi amelimaliza kwa pumzi moja. Nikajiona na mimi nina kitabu.

Nikashuka na bisibisi yangu kama mtu mwenye cheo. Kontena akasogea. Nikalala chini ya kiti nikamulika kwa simu, na cheo kikaniishia hapo hapo. Kazi yangu naijua. Ule ukingo wa plaiwudi niliupiga msasa mimi. Kiti kile nilikitengeneza wiki moja kabla. Bawaba yake inataka skrubu nne, na ilikuwa na mbili, nimezifunga mshazari, moja juu kulia, moja chini kushoto.

"Kimetengenezwa lini hicho?" Daktari aliuliza.

"Wiki iliyopita."

"Na nani?"

Mnaona jinsi dunia ilivyonipania wiki hiyo.

"Na mimi."

Wakaguna wote. Nikatoka chini ya kiti nikajifuta magoti. "Inatakiwa skrubu nne, Daktari. Niliandika nne kwenye fomu. Stoo wakanipa mbili, wakasema nyingine zinakuja. Zinakuja kwa miguu. Meneja wa majengo hajasaini, kwa sababu anayemletea kalamu yuko likizo. Kule manunuzi wananunua skrubu kama watu wanaozipanda shambani, wanangoja msimu. Mkurugenzi ana kiti cha kuzunguka. Kiti cha kuzunguka kina skrubu kumi na sita, nimezihesabu, na hakijawahi kumwangusha."

Wanafunzi wakashangilia. Hakuna kitu wanafunzi wanapenda kama kusikia wakubwa wanasemwa, na mimi hakuna kitu napenda kama kushangiliwa. Ningeendelea hadi wizarani. Lakini Daktari alikuwa amesimama tu, mikono nyuma, anasubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite ili avuke.

"Na fundi?" akasema.

"Fundi aliletewa mbili."

"Alijua mbili hazitoshi?"

"Alijua."

"Kwa hiyo alijua mtu ataanguka."

"Si lazima. Mtu mwepesi asingeanguka."

"Angeweza kufanya nini, kwa hizo mbili alizopewa?"

"Kukiwekea alama ya X. Watu wasikikalie."

"Hiyo inataka fomu?"

"Chaki tu."

"Hukuwa na chaki?"

Seremala hatembei bila chaki. Ilikuwa mfuko wa shati, juu, nyeupe, kila mtu anaiona. Kontena aliitazama. Nikataka kusema ilikuwa imekwisha, ilikuwa imelowa, nilikuwa nimeisahau karakana. Maneno yote hayo yapo tayari, yananitoka bila kuitwa. Sijui kilichonizuia. Labda ni kile kichwa cha safu ya nne ambacho bado hakijageuka.

"Nilikuwa nayo," nikasema. "Kwa makusudi sikuweka alama. Nilitaka kiti kianguke, ili Bwana Fomu aone matokeo yake. Nilitaka aanguke Bwana Fomu."

"Nimeanguka mimi," Kontena akasema.

"Umeanguka wewe, mwanangu. Samahani."

Mara hii hawakucheka. Daktari alinitazama kidogo, akavaa miwani, akasema asante fundi, haya, ukurasa wa sitini na mbili. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanakufungua kama sanduku la vifaa, wanamwaga kila kitu sakafuni, halafu wanageuza ukurasa.

Nilirudi nyumbani mapema. Saa tisa nilikuwa nimeshakaa mezani, kofia kichwani, kama mtu anayengoja kuitwa dirishani. Saa kumi binti akaingia. Akavua viatu, akaweka mkoba, akaweka simu mezani.

"Hiyo inarekodi?"

"Nimeizima."

"Ukitaka iwashe."

"Sitaki."

Nikavua kofia. "Hatukurudishwa," nikasema. "Tulirudi."

Akavuta kiti akakaa. Hakukaa mbele yangu, alikaa upande, ile sehemu ya mama yake.

"Saa tano na nusu muuguzi alitoka akasema faili bado wanalitafuta, tungoje. Nikamwambia hata wewe ukipotea humu hakuna atakayekutafuta. Watu wa benchi wakacheka. Nilipoona wamecheka, nikaongeza."

"Ukaongeza nini?"

"Mengi. Nilimwambia ile chai ndiyo mgonjwa pekee aliyehudumiwa leo. Wakacheka tena. Yule mama akaweka kikombe chini akasema, mzee, kaa usubiri kama wenzako. Hakusema ondoka. Alisema kaa."

"Kwa hiyo hakuwafukuza."

"Hakutufukuza. Ila alisema kama wenzako. Na mimi hiyo kaa usubiri nimeisikia maisha yangu yote, kutoka kwa watu waliokaa. Nikamwambia mama yako, simama, twende, hawa hatuwahitaji."

"Akasemaje?"

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Hata kinyozi.

"Akasema, mimi naweza kusubiri, mume wangu. Tumeshakuwa wa sita."

"Wa sita kwenye foleni?"

"Walibaki watano mbele yetu."

"Akasimama?"

"Nilimshika mkono. Akasimama."

Nje kulikuwa na mtu anaburuta ndoo kwenye saruji. Tukaisikiliza mpaka ikafika ilikokuwa inakwenda.

"Ulitaka nini, baba? Ulitaka itokee nini?"

"Waone aibu. Watufuate getini waseme samahani mzee, rudini."

"Wakawafuata?"

"Hakuna aliyetazama. Mlinzi alitufungulia geti, akatutakia siku njema."

Alishika paji la uso kwa viganja viwili. Nilidhani analia. Alipoondoa mikono macho yalikuwa makavu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Miaka minne nimemchukia mwanamke nisiyemjua," akasema. "Nikipita ile hospitali navuka barabara. Kidato cha nne niliandika insha juu yake. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Mwalimu aliisoma kwa sauti."

"Endelea kumchukia. Faili lilipotea kweli. Daktari alikuwa semina kweli. Saa tano na nusu mtu na kikombe, hayo sikuyatunga."

"Sijasema umeyatunga."

"Basi yaandike yote. Mimi niweke safu ya kwanza, nimekubali. Lakini kwenye safu ya pili usinitolee hata mtu mmoja."

"Hakuna anayetolewa, baba. Wote wapo. Na wewe upo. Na mama alisema anaweza kusubiri." Sauti ikamkatikia kwenye neno mama. Akainuka, akaenda kwenye beseni la vyombo, akasimama amenipa mgongo, bomba linamwaga maji na hakuna anachoosha.

Nilikaa. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalianza na mtu mwingine, kwa hiyo nikayaacha.

Baadaye akafunga maji. "Nitakukasirikia wiki mbili," akasema bila kugeuka. "Halafu nitaona."

"Kuanzia leo?"

"Kuanzia kesho. Leo sina nguvu."

Ni mtu wa kutimiza ahadi. Alhamisi asubuhi chai yangu ilipikwa, ikawekwa mezani, mpikaji hayupo. Ijumaa hivyo hivyo. Tukipishana mlangoni ananipisha kama anayepisha kabati linalobebwa. Zoezi lake alikwenda kumhoji baba yake mdogo, yaani mdogo wangu, kuhusu alivyofeli mtihani wa udereva mara tatu. Mdogo wangu alilaumu gari, jua, viatu, askari, na koni ya tatu kutoka kushoto. Kwenye safu ya Mimi alikuwa na jibu moja tu, kwamba yeye huendesha vizuri kupita kiwango wanachokijua. Binti akapata kumi na nane kwa ishirini. Karatasi niliikuta juu ya friji. Sitaki kudanganya, iliniuma kidogo. Mimi nilikuwa na thelathini na nane.

Huko kazini nako, Kontena hakunishtaki, lakini kuanguka kwake kulifika kwa Bwana Fomu, naye akaniletea fomu ya maelezo ya ajali. Kuna sehemu imeandikwa Chanzo. Nikaijaza bila kuficha: stoo walitoa skrubu mbili, meneja hakusaini nyongeza, ratiba ya matengenezo iligongana na vipindi, na fundi alijua kiti ni kibovu lakini hakukiwekea alama. Nikaandika mpaka pembeni. Bwana Fomu aliisoma kwa kalamu nyekundu. Akakata stoo, akasema haihusiki. Akakata meneja, akasema lugha si ya kiofisi. Akakata ratiba. Ikabaki sentensi moja, yangu, imekaa peke yake kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Akaipiga muhuri. Siku mbili baadaye nikapewa barua ya onyo, inayosema ajali ilisababishwa na fundi, kwa kukiri kwake mwenyewe.

Nilikaa nayo mfukoni siku mbili, kisha nikaitupa mezani nikaenda kuoga, namtukana Bwana Fomu pamoja na kiti chake na waliomzalisha. Ilikuwa siku ya kumi na moja, nilikuwa nahesabu. Nilipotoka bafuni nikamkuta binti ameketi, barua mkononi, na nakala ya ile fomu yangu iliyokatwakatwa, iliyokuja na barua, ameitandaza mbele yake. Alikuwa anaisoma chini ya ile mistari myekundu, kidole kikifuata neno kwa neno.

"Hii sentensi ya mwisho uliiandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hukulazimishwa?"

"Nani anilazimishe? Hawakujua hata kama ipo."

Aliisoma tena. Kisha akaigeuza barua ya onyo, akaangalia nyuma, akaangalia sahihi. "Umepewa siku saba za kujibu. Zimebaki ngapi?"

"Tano."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi safi na kalamu, akasogeza kiti chake kidogo ili nami nipate pa kukaa. Hakunitazama. Wiki mbili ni wiki mbili.

"Majina yote yanarudi," akasema. "Lakini kwa lugha ya kiofisi. Usinitajie makalio ya mtu. Nianze na nani?"

"Bwana Fomu."

Kalamu haikwenda popote.

"Basi," nikasema, "mimi niwe wa pili."

Akaandika.